Mkubwa wa Kwenye Kadi

Siku tuliyomzika mama yangu pale Kashojwa, mchungaji alitoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasoma: "Mtoto wa kwanza wa marehemu, Riziki, asogee atupe udongo." Mdogo wangu wa kike akasogea. Nasema mdogo wangu kwa sababu nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe, na meno yake ya utotoni niliyatupa juu ya bati kwa mkono wangu. Alichota udongo, akautupa, akarudi mahali pake bila kunitazama. Kisha mchungaji akaita, "Mtoto wa pili, Sifa," na mimi, mwanamke wa karibu miaka arobaini, nikaenda kutupa udongo wa pili juu ya sanduku lililokwisha kupokea wa kwanza. Kwenye msalaba wa mbao walikuwa wameandika MAMA RIZIKI kwa rangi nyeupe. Watu walidhani nalia kwa uchungu wa mama. Kweli nilikuwa na uchungu wa mama, lakini sitaki kudanganya kwenye hadithi ya maisha yangu mwenyewe: nililia pia kwa wivu. Wanaosema wivu hupungua na umri, mimi huwajibu kwamba wangu haujapata habari hiyo.

Kosa lenyewe lilifanyika Kabazana, kwenye mstari wa kuandikishwa wakimbizi, siku chache baada ya kuingia Uganda. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Riziki kumi na mmoja, ila Riziki alikuwa amenipita kimo kwa kichwa kizima, na mimi nilikuwa kijitu chembamba ambacho wanawake walikiuliza kila mara kama kimekula. Mstari ulikuwa mrefu, na mstari mrefu huzaa maneno. Wanawake wa mbele yetu walisema watoto waliofika miaka kumi na mitatu watalazwa mbali na mama zao. Wengine wakasema mwanamke aliye peke yake, asiye na mtoto mkubwa wa kumsaidia kulima, atasukumwa nyuma kwenye kupewa kiwanja. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Tulilala wote pamoja, na kiwanja tulikipata kwa zamu yetu kama wengine. Lakini mama aliyaamini yote mawili kwa mpigo, kwa hiyo alihitaji mtoto mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Alitupima kwa macho pale pale kwenye mstari. Tulipofika mezani alinisukuma mbele, akasema, "Huyu, miaka kumi." Akamvuta Riziki. "Huyu, kumi na tatu." Karani akatazama kimo cha huyu na kimo cha yule, akatuandika hivyo kwenye kadi.

Tulipotoka nje mama alituinamia wote wawili. "Musikie muzuri," alisema. "Kuanzia leo Sifa anamuita Riziki yaya. Hata mu nyumba. Batu wakisikia ingine, watatufukuza." Yaya ni neno letu la kumwita ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Nililitamka jioni ile mara ya kwanza, nikiomba chumvi, na Riziki akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya wiki chache hakucheka tena, alikuwa amezoea kuitwa. Na mama, ambaye kwetu alikuwa Mama Sifa tangu siku niliyozaliwa, kambini Nakivale walimjua kwa jina la mkubwa wa kwenye kadi. Kila jirani aliyepita mlangoni na kusema "Jambo, Mama Riziki" alikuwa ananivua kitu, naye hana habari.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa tatu tangu siku hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kadi ikasema kumi na mitatu; Riziki alikuwa na kumi na minne, kadi ikasema kumi na sita. Tulikaa kwenye nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na turubai katikati. Kazi yetu ilikuwa mashuka ya maua. Mama alichora maua kwa kalamu ya biki, na sisi tukayafuata kwa sindano na nyuzi za rangi, tukikaa mlangoni ambako mwanga ulikuwa mzuri. Mikono yangu ilikuwa bora kuliko ya Riziki. Hilo hata yeye hakulibishia. Maua yake yalivimba. Yangu yalilala juu ya kitambaa kana kwamba yameota humo. Mashuka yakiisha yalifungwa kwenye kitenge na kupelekwa Mbarara kwa mwanamke mmoja muuza vitambaa, tuliyemwita Hajati kama mji mzima ulivyomwita. Alikuwa akiwauzia maharusi. Aliyeyapeleka alikuwa Riziki.

Mwenyekiti wa kijiji chetu hakumwandikia kikaratasi cha kutoka kambini mtu aliyekuwa mtoto kwenye kadi. Riziki alikuwa mkubwa, akaandikiwa. Kila wiki mbili aliamka mapema, akapaka mafuta miguu, akavaa sketi ya bluu ambayo ilikuwa yangu mpaka nilipokuwa mdogo kisheria, akaondoka na gari la asubuhi. Mama alimfungia kwenye pembe ya kitenge kipande kidogo cha kila rangi ya uzi aliyotaka, ili akalinganishe dukani. Mimi nilibaki mlangoni na sindano. Mashuka niliyoyashona mimi yalifahamu barabara ya Mbarara, daraja la Rwizi, vitanda vya maharusi, na mimi nilifahamu njia ya bomba la maji. Hata bombani mama alinitazama kutoka mlangoni mpaka nirudi.

Jioni Riziki akirudi, alikuwa ananukia sabuni ya mjini. Nilikuwa nikimngoja nimchimbe. Mji ukoje? "Ni mji tu." Hajati alisema nini? "Alisema asante." Umekula nini? "Chapati." Nilimchukia kwa uchoyo huo wa maneno. Nilidhani anaificha Mbarara isije ikaisha. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa sahani. Siku za safari mama aliweka bugali na maharage ya Riziki kando, akafunika kwa sahani nyingine, akaweka jiwe dogo juu kuzuia paka. Ile sahani iliyofunikwa ilikaa pembeni ya jiko saa nzima, saa mbili, na sisi tukila tuliizunguka kwa heshima. Mimi sikuwahi kufunikiwa chakula, kwa sababu sikuwahi kuwa mbali.

Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya turubai nikipanga nyuzi, mama akadhani nimelala. Alikuwa upande wa pili na jirani yetu Mama Bahati, wanachambua sombe, majani ya muhogo. Mama Bahati, ambaye hakuwa na breki ya mdomo, alimwuliza: "Lakini huyu mudogo wako, Mama Riziki, juu ya nini unamufungia hivi? Msichana anaota matiti, na weye unamuchunga sawa kuku wa mayai."

Mama aliendelea kuchambua majani. "Huyu nilimupotezaka ku njia," akasema. "Siku moja, toka asubui mpaka jua inaingia. Nilipita mu maiti nikiangalia miguu. Kisha nikamupata anakaa chini ya gari ya batu, anakula muwa. Tangu ile siku, akienda tu kuchota maji niko nahesabu mu roho."

"Na Riziki?"

"Riziki, ukimutuma, anarudia. Akienda, roho yangu inakaa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Leo naijua methali hiyo, na nina mtoto wa kike wa miaka kumi na minne, Josiane, ambaye simu yake naipigia akiwa kanisani. Lakini msichana aliyekuwa nyuma ya turubai hakusikia hofu ya mama hata kidogo. Alisikia kwamba Riziki akitumwa anarudi. Kwamba Riziki anaaminika. Nilikaa na nyuzi mapajani, nikaapa kwamba na mimi nitatumwa, hata kama wa kunituma ni mimi mwenyewe.

Niliiba kikaratasi siku ya Alhamisi. Mama alikuwa ametoka alfajiri kwenda shambani, na Riziki alikwenda bombani kuoga kabla ya safari. Kikaratasi kilikuwa chini ya godoro, furushi la mashuka lilikuwa limefungwa tayari. Nilivaa ile sketi ya bluu, ikanifika chini ya magoti vizuri kuliko ilivyomfika yeye, nikatoka mbio. Kwa haraka hiyo nilibeba furushi nikaacha kitenge cha Riziki chenye vipande vya rangi. Nilikumbuka vipande hivyo gari likiwa limeshaondoka, nikajifariji kwamba mtu anayeshika nyuzi hizo kila siku hawezi kusahau rangi.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alichukua kikaratasi, akakisoma, akanitazama. "Wewe ni Riziki?"

"Ndiyo, afande."

"Hapa inaandika miaka kumi na sita. Wewe iko kumi na sita? Mbona kadogo hivi?"

"Niko na kumi na sita, afande. Kweli kabisa."

Alicheka, akanirudishia. "Haya, enda. Kula chakula." Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Kwa miaka mitatu hakuna mtu mwenye kofia ya serikali aliyewahi kuusikia umri wangu wa kweli. Nilikuwa nimeusema mchana kweupe, na ilibidi niusemee kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Mbarara ilinishinda mara moja. Riziki alikuwa ameniambia duka liko karibu na msikiti, na mimi kwa kiburi sikutaka kumwuliza mtu, nisije nikaonekana mgeni. Nikaenda na miguu yangu hadi nikavuka daraja la Rwizi, maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, nikajikuta Nyamitanga. Wasichana wa shule walikuwa wanatoka wawili wawili, soksi nyeupe, wanachekea kitu. Wengine walikuwa rika langu halisi, wengine rika langu la kwenye kadi, na wote walijua wanakokwenda. Nilisimama na furushi kichwani nikawaonea wivu mmoja mmoja mpaka mlinzi wa geti akaniuliza ninangoja nani. Hapo ndipo nilipokubali kuuliza njia. Nikarudi, nikavuka daraja tena, na mwanamke mmoja anayeuza ndizi akanipeleka mpaka mlangoni mwa Hajati.

Hajati alikuwa mama mnene, mzaliwa wa Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alifungua furushi, akapitisha kidole juu ya ua langu. "Na Riziki yuko wapi?"

Nikamwambia mimi ni Sifa. Uso wake ulifunguka. "Wewe ndiye Sifa mwenyewe? Mwenye mikono? Dada yako kila akija huniambia, hili la Sifa, hili langu, usiyachanganye." Akaagiza chai na chapati, akanikalisha kwenye kigoda nyuma ya vitambaa. Nilikula nikitazama mikono yangu. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na mwenzake: "Afadhali umekuja wewe leo. Yule huniomba nimtafutie mtu wa kuyafuata mashuka huko huko, asitumwe tena. Kile kizuizi kinamtisha. Mara ya mwisho alitapika hapo nje kabla hajaingia. Nikamwambia, mwanangu, vumilia, mkubwa ni jalala."

Sikumwambia Hajati nani kati yetu ndiye mkubwa. Ningepaswa kumhurumia mdogo wangu pale, na labda kwa dakika moja nilimhurumia. Lakini nilipokuwa nachagua nyuzi dukani kwake nilikuwa nawaza kitu kingine: ana kitu ambacho anakiogopa na bado anakifanya, na mimi sina hata cha kuogopa. Nilichukua nyekundu, nikachukua njano. Kijani nilikichukua kwa kumbukumbu.

Nilirudi mchana, jua bado liko juu. Mama alikuwa amesimama njia panda, kiremba mkononi, miguu ina udongo wa shambani. Sikuwahi kumwona bila kiremba barabarani. Alinishika, akanipapasa mikono, mabega, shingo, akaninusa kichwa kama mtoto mchanga. Nikawa tayari. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa fimbo zangu, na naomba nieleweke: nilizitaka. Nilitaka aniulize kwa nini, anitukane, aniite mwizi, kwa sababu mwizi ni mtu aliyefanya jambo.

Mama alinivuta mpaka nyumbani, akaniacha mlangoni, akaingia ndani, akavunja fito ya paa. Akampiga Riziki.

"Weye njo mukubwa!" alikuwa anasema kwa kila fimbo. "Nilikuachia mutoto! Ungelikamata mutoto! Weye njo mukubwa!"

Riziki alijikunja kwenye godoro, mikono juu ya kichwa, na miguu yake mirefu ile iliyotuletea balaa ilikuwa haina pa kujificha. Nilimshika mama mkono. "Mama, ni miye! Niliiba karatasi. Riziki hakujua!"

"Nyamaza," mama alisema, akihema. "Mutoto haibake. Mutoto anafuata mukubwa."

Na hili ndilo nitakalolitubu mpaka nitakapokufa. Nilisimama kando ya turubai, nikatazama mdogo wangu wa miaka kumi na minne akipigwa kwa kosa nililolifanya mimi mwenye kumi na sita, na nilimwonea wivu. Nilizionea wivu hata zile fimbo. Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimekwenda Mbarara, nimepotea, nimevuka Rwizi mara mbili, nimedanganya askari kwa ukweli, na hata lawama yake ilikuwa imepewa Riziki. Baadaye mama alitazama nyuzi, akaona kijani si chenyewe, kilikuwa kibichi mno, akasema tu, "Si kosa yako, hakukuonyesha." Na jioni ile alinifunikia sahani. Bugali, maharage na kipande cha samaki ambacho alikwenda kukiomba kwa jirani kwa shukrani kwamba nimerudi mzima. Aliondoa jiwe, akafunua, akaniwekea mbele. Riziki alikuwa amelala chali upande wa pili, macho wazi. Nilikula chote.

Riziki aliendelea kutumwa. Miaka miwili baadaye hakurudi na gari la jioni. Alimwomba Hajati kazi, akabaki. Leo ana duka lake la vitambaa Mbarara, na mimi bado nashona mlangoni, Kashojwa, mita chache kutoka ile nyumba. Watu husema yeye ndiye aliyefungua macho.

Siku ya tatu ya matanga ya mama, wageni walipopungua, tulikaa sisi wawili ndani tukala sombe na ndagala, dagaa wetu, kwenye sahani moja. Riziki alikuwa ameshika kopo la biskuti ambamo mama aliweka makaratasi. Kadi ilikuwa humo, imechakaa kwenye mikunjo. Riziki, kumi na tatu. Sifa, kumi. Josiane alikuwa mlangoni akipiga pasi nguo, akijifanya hasikii.

"Alikuamini," nilimwambia Riziki. Ilinitoka tu, baada ya miaka yote. "Miye alinifunga, weye alikutuma. Alikuamini."

Riziki alitafuna polepole. "Sifa," alisema, akameza kwanza. "Alikuwa na batoto babili. Moja tu njo alikuwa anaogopa kumupoteza."

Kwa mara ya kwanza nilimwona akinionea wivu, na ulikuwa wivu wa zamani kama wangu, umekaa ndani miaka ile ile. Tungeweza kulia, lakini Josiane aliweka pasi chini, akaona mwanya wake kama watoto wanavyouona. "Mama, basi wiki inayokuja nipeleke miye yale mashuka ya arusi Mbarara? Peke yangu. Nilikuomba mwezi mzima."

Nikafungua mdomo kusema kile ninachosema kila siku: bado mdogo, tutakwenda wote. Riziki aliniwahi. "Umutume," alisema. "Na akikosa, umugombeze yeye. Yeye, si mutu mwengine."

Josiane alikwenda wiki iliyofuata. Nilimfungia kipande cha uzi kwenye pembe ya kitenge, bluu ya usiku, nikamwonyesha mara tatu. Sikumpigia simu mpaka saa sita. Nilishona ua moja, nikalifumua, nikalishona tena. Nilifunika sahani, nikaweka jiwe. Gari la jioni lilipofika alishuka wa mwisho, akaja akiruka madimbwi, akanipa kifurushi kabla hata ya kunisalimia. Nikafungua. Ilikuwa zambarau.

"Kipande si nilikufungia?"

"Nilikiona, Mama. Bluu ilikuwepo, lakini hii ni nzuri zaidi. Nilichagua miye."

Ilikuwa rangi mbaya, jamani, rangi ya zambarau ya kupaka jeneza. Nikamgombeza. Nilimgombeza pale pale barabarani, kwa jina lake kamili, kwamba wewe Josiane nilikutuma bluu, wewe Josiane una kichwa kigumu, kosa hili ni lako na kesho utalirudisha mwenyewe. Alisimama wima, mikono nyuma, akinisikiliza mpaka mwisho, na mdomoni alikuwa ameficha tabasamu la mtu aliyepewa chake.

Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Kisha nikaenda kumfunulia sahani.